Za Wenyewe Usiguse, Za Kwetu Tosha

Bi. Atabo Losike anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kulitumikia Shirika la Mafunzo la Ewoi kwa miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa kama mpiga chapa, anaondoka akiwa Msimamizi Mkuu wa Mifumo ya Kompyuta, na katikati hapo ametugombeza sote, kuanzia walinzi wa geti hadi wajumbe wa bodi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa heshima na kwa ufupi. Heshima nitajitahidi. Ufupi mtanisamehe, maana meza yangu hapa Lodwar imepakana na yake miaka nenda miaka rudi, na mtu aliyekaa karibu na Mama Atabo ana mengi ya kusema kwa sababu wakati ule hakupata nafasi ya kuyasema.

Mama Atabo ni mzaliwa wa Lowarengak. Kazi aliianzia katika ofisi yetu ndogo ya Lokitaung, kwenye taipureta ambayo herufi R ilikuwa imeng'oka. Barua zote zilizotoka Lokitaung enzi zile zilikuwa na R za kuandikwa kwa kalamu, na alipoulizwa kwa nini asiombe mashine nyingine, alijibu kwamba mashine haina shida, ina upungufu wa herufi moja tu, na hiyo moja yeye anayo mkononi. Wanaomjua watakubali kwamba hajabadilika hata kidogo.

Kompyuta zilipokuja, alizifuata kama mtu aliyekuwa akizisubiri. Alisoma Eldoret, akarudi na cheti, akarudi pia na brashi ya rangi ya inchi mbili ambayo hadi leo huitumia kupangusa vumbi ndani ya mashine. Hajawahi kuvua shanga zake kazini. Zile shanga zimetusaidia sana, kwa sababu mlio wake ulisikika tangu ukumbini, na kila aliyekuwa akitazama mpira kwenye kompyuta ya ofisi alipata muda wa kufungua jedwali lolote na kukunja uso.

Ni yeye aliyetuhamisha kwenda kwenye mfumo wa Linux, ule wa bure wenye alama ya ndege mnene asiyeruka. Virusi vilikuwa vimetuchosha. Alisema ndege yule amesimama kama mjumbe wa bodi anayesubiri chakula cha mchana, lakini anafanya kazi. Na hapo ndipo lilipoanza somo ambalo hakuna mfanyakazi wa Ewoi asiyelijua, apende asipende.

Somo lenyewe ni hili. Kila programu huja na faili ya mipangilio iliyoandikwa na waliotengeneza programu hiyo. Mama Atabo aliiita faili ya wenyewe. Humo wenyewe wameshaamua kila kitu: saa ifuate majira ya wapi, karatasi ya printa iwe ya ukubwa gani, nani aruhusiwe kuingia na nani azuiwe. Sasa wenyewe hawajui hata Kakuma iko upande gani wa dunia, kwa hiyo mengi waliyoyaamua hayatufai. Basi pembeni yake unaweka faili ndogo ya pili, faili ya kwetu, yenye yale machache tu unayotaka yawe tofauti. Kompyuta inasoma ya wenyewe kwanza, halafu ya kwetu, na pale zinapopingana inafuata ya kwetu. Ole wako ufungue ya wenyewe uanze kuchokora humo! Siku toleo jipya la programu likifika, faili ya wenyewe inaandikwa upya, na yote uliyoyachokora yanakwenda na maji.

Wengine wetu hatukuelewa mpaka alipohamia jikoni. Pale Lodwar kila mtu ana sukari yake: kuna wanaoonja, kuna wanaojaza. Mama Atabo alipiga marufuku sukari kwenye birika. Birika ni la wenyewe, alisema, kila mtu aharibu chai ndani ya kikombe chake. Mimi ninayependa chai tamu nilinuna wiki nzima, halafu nikaelewa kompyuta.

Aliyechelewa kuelewa ni mkurugenzi wetu wa wakati ule, ambaye sitamtaja jina kwa sababu amealikwa. Mkurugenzi ni mtu wa adabu nyingi na wa Kiswahili sanifu. Alitembea na kamusi kwenye mkoba, na kwenye mikutano aliwasahihisha watu wakiwa bado hawajafika kwenye kitenzi. Kwenye kompyuta yake alichokora faili za wenyewe moja kwa moja, akapanga mambo yake vizuri. Kila toleo jipya lilipokuja, mashine ilimuuliza kama anataka kufuta yake na kuchukua ya wenyewe. Na yeye, kwa ile adabu yake, akiulizwa jambo hujibu ndiyo. Basi akabaki kulalamika kwamba Linux inamdharau. Mwishowe Mama Atabo alimbandikia karatasi juu ya kioo yenye neno moja, HAPANA, na wageni waliofika ofisini mwake walidhani ni jibu la maombi yao.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo wasifu huu ungekuwa wa mtu mwingine. Ni habari ya neno moja.

Fundi wa ukumbi wetu wa kompyuta wa Kakuma ni Bw. Ilunga Mukendi. Mukendi alitoka Lubumbashi, Kongo, akafika kambi ya wakimbizi ya Kakuma na mke, watoto na mama mkwe, na kazi hii ya ufundi ndiyo iliyowalisha wote. Ni mtu makini mno. Ukimwambia funga mlango, anafunga, halafu anasukuma kuhakikisha. Mama Atabo alimfundisha mwenyewe, na kwa jinsi alivyokuwa akimgombeza, tulijua anampenda.

Jumamosi moja, miaka mitatu iliyopita, toleo jipya la mfumo lilifika Kakuma. Jumatatu yake wanafunzi wetu, wa mjini na wa kambini, walikuwa na mtihani wa cheti kwenye kompyuta zile zile. Mukendi hakutaka kubahatisha. Alimwandikia Mama Atabo ujumbe wa simu akiuliza afanye nini na zile faili, za wenyewe na za kwetu. Mama Atabo alikuwa harusini Kalokol, mpwa wake akiolewa. Mkono mmoja ulikuwa na samaki wa kukaanga kutoka ziwani, pale Ferguson's Gulf, mwingine una simu, na miguu inataka kucheza. Alijibu kwa kifupi: "Za wenyewe usiguse. Za kwetu tosha."

Sisi wa Kenya tunaelewa mara moja. Mtu akikupendeza tunasema fulani tosha. Chai ikijaa tunasema tosha. Mama Atabo alimaanisha kwamba zetu zinatosha, ziache zilivyo, nenda kalale.

Lakini kwa Kiswahili cha Lubumbashi, jamani, kutosha ni kuondoa. Unatosha viatu mlangoni, unatosha sufuria motoni. Kitu kikiwa cha kutosha, wao husema kinaenea. Kwa hiyo Mukendi alisoma agizo lililo wazi kabisa, lenye sehemu mbili zinazoendana vizuri: za wenyewe usiguse, za kwetu ondoa. Alishangaa kidogo, alitueleza baadaye, lakini bosi ni bosi. Akaingia kompyuta moja baada ya nyingine akazitosha faili za kwetu zote. Na kwa umakini wake, alipomaliza alisukuma mlango kuhakikisha.

Jumatatu asubuhi Kakuma iliamka ikiwa mali ya wenyewe. Saa zote zilirudi nyuma saa tatu, zikafuata majira ya kwao. Kengele ya ukumbi, ambayo hupigwa na kompyuta, ilinyamaza wakati wa kuingia darasani, ikalia wakati watu wanaelekea chakula. Printa ilidai karatasi ya ukubwa ambao Turkana nzima haupo. Salamu ya Kiturkana ya "Ejok" iliyokuwa ikiwakaribisha wanafunzi kwenye kioo ilipotea, mahali pake pakawa na maneno ya Kiingereza ya kumtaka mtu ajitambulishe. Na mfumo, ukifuata amri za wenyewe za kutomwamini mtu yeyote usiyemjua, ulifungia nje kompyuta za wanafunzi zote, maana wenyewe hawakuwajua wanafunzi wetu.

Mama Atabo, aliyekuwa amerudi Lodwar, alipiga simu. Mtandao ulikuwa wa kukatikakatika. Aliuliza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani kama faili za kwetu ziko salama. Mukendi alijibu kwa fahari kwamba alishazitosha zote. Mama Atabo akasikia zilishatosha zote. Akashusha pumzi, akatuambia faili zetu hazina neno, tatizo liko kwingine. Basi asubuhi nzima akalaumu kwingine: alilaumu mtambo wa satelaiti, akalaumu jenereta, akalaumu mbuzi waliowahi kutafuna waya mwaka mwingine kabisa. Kila baada ya muda alipiga tena kuuliza, Mukendi akathibitisha tena, naye akazidi kuwa na uhakika. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikisikiliza pande zote mbili, na wala sikushtuka, maana hata mimi nilisikia kutosha.

Mwishowe alikosa uvumilivu, akachukua gari la ofisi na brashi yake akaenda Kakuma. Tuliokuwa ndani ya gari tulisali. Alipofika, alikaa mbele ya kompyuta ya kwanza, akatazama mahali pa faili za kwetu. Hapana kitu. Ya pili, hapana kitu. Shanga zikanyamaza, nasi tukasogea nyuma. Ndipo alipoona folda moja imewekwa pembeni kwa unadhifu, na Mukendi ameipa jina kwa herufi kubwa: ZILIZOTOSHWA.

Loo! Yule mwanamume hakuwa amefuta hata moja. Aliambiwa atoshe, akatosha, akazikunja vizuri akaziweka kando, kwa kuwa kwao kitu ukikitosha hukitupi hovyo. Mama Atabo alilitazama lile neno. Akamuuliza kwenu kutosha ni nini. Mukendi akainama, akavua kofia yake kichwani, akamwonyesha. Mama Atabo alicheka hadi akakaa sakafuni, shanga zote zikatawanyika kifuani, na alipoweza kusema tena alimwagiza azirudishe. Mtihani ulifanyika alasiri ile ile, na kengele ikalia kwa wakati wake.

Tungedhani yameisha. Hayakuisha. Mkurugenzi alisikia kwamba ukumbi wa Kakuma ulifungwa nusu siku ya mtihani, na alikuwa na hasira ya mtu ambaye Linux imemdharau kwa miaka. Alikuja Kakuma mwenyewe, akaitisha kikao, na mbele yetu sote akatamka kwamba Bw. Mukendi hatoshi. Maskini Mukendi alisimama, macho yamemtoka, akasema kwa heshima kwamba si kweli, yeye alitosha, alitosha zote, hata Mama Atabo alikuja akaona. Mkurugenzi akachukulia kwamba anajisifu. Nilitaka kucheka lakini nilimwona mke wa Mukendi amesimama dirishani na mtoto mgongoni, nikaacha. Kazi ile ikienda, nyumba ile ilikuwa haina nyingine.

Hapo Mama Atabo alisimama. Alisema ujumbe ulitoka kwenye simu yake, kwa kidole chake chenye mafuta ya samaki, na kama ni kufukuza waanze naye. Alieleza kwamba Mukendi alitii agizo kama lilivyosomeka kwao. Mkurugenzi hakukubali. Alitoa kamusi mkobani, akafungua, akasoma kwa sauti maana ya kutosha, yote, pamoja na mifano. Kuondoa haikuwemo. Alisema shirika haliwezi kuendeshwa kwa maana ambazo hazimo kwenye kamusi, akaiweka kamusi mezani, na ilionekana mambo yamekwisha. Mukendi alikuwa ameshaanza kutafuta funguo za ukumbi mfukoni ili azikabidhi.

Wakati huo Mama Jeanine, mpishi wetu wa Kakuma, alikuwa akizunguka akimimina chai. Mama Jeanine naye ni wa Lubumbashi, na mawazo yake yote yalikuwa kwenye birika, hakuwa akisikiliza kesi ya mtu. Alimfikia mkurugenzi, akamimina. Kikombe kilipofika juu, mkurugenzi aliinua mkono akamwambia kwa upole, tosha, mama, tosha.

Mama Jeanine akatosha. Alichukua kikombe kilichojaa, akachukua kisahani, akachukua sahani ya mandazi ambayo mkurugenzi alikuwa ameivuta karibu, akafuta meza pale kwa kitambaa, akaenda navyo jikoni. Mkurugenzi alibaki na mkono hewani na kamusi mbele yake. Jeanine alipoitwa kuulizwa kwa nini ameondoa chai ya mkubwa, alishangaa sana, akajibu kwamba mkubwa mwenyewe ameamuru, tena mara mbili.

Mimi sijaona kesi iliyoamuliwa upesi namna ile. Mkurugenzi aliitazama kamusi, akaitazama meza tupu, akairudisha kamusi mkobani. Akamwambia Mukendi arudishe funguo mfukoni mwake aende kazini. Halafu akaomba chai yake, kwa ishara ya mkono, na tangu siku ile akiwa Kakuma huagiza chai kwa ishara tu.

Baada ya hapo Mama Atabo alitusomesha somo jipya, na kwa maoni yangu ndiyo kazi yake kubwa kuliko kuhamisha kompyuta zote. Alisema Kiswahili cha kamusi ni faili ya wenyewe, nzuri, usiichokore. Lakini kila ukumbi una faili yake ya kwetu, na usipoisoma hiyo ya pili hujui mashine itafanya nini. Akaamuru kwamba kabla ya agizo lolote kwenda Kakuma, mtu wa Kakuma alisome kwanza aseme ameelewa nini. Tulinung'unika kwamba ni kuchelewesha kazi. Haijawahi kutokea nusu siku ya namna ile tena.

Alipotangaza mwaka jana kwamba atastaafu, bodi ilitaka kujua nani atashika nafasi yake. Yalitajwa majina ya Nairobi. Mama Atabo hakutaja jina. Alipanga toleo jipya la mfumo liwekwe kwenye kumbi zote kwa siku moja, Lodwar, Kakuma, Kalokol na Lokitaung, akamwachia Mukendi asimamie, na yeye akaenda kunywa chai jikoni mbele ya wajumbe. Hakuna kengele iliyochelewa. Kibali cha kazi cha Bw. Mukendi kimeshatoka, na kuanzia tarehe mosi Julai ndiye Msimamizi Mkuu wetu. Mke wake ameniomba niandike kwamba nyumba nzima inamshukuru Mama Atabo, na mama mkwe pia, ingawa mama mkwe hashukuru watu hovyo.

Mama Atabo anarudi Lowarengak kufuga mbuzi. Anasema mbuzi hawaletewi toleo jipya, na wakikuuliza kitu hawataki ndiyo wala hapana. Nimekaa karibu naye miaka yote hii nikijidai nangoja siku atakayoondoka nipate kutia sukari kwenye birika. Siku imefika, na sitaki. Nitamkosa mno, tena siandiki hivi kwa ajili ya sherehe.

Lipo tangazo moja kwa wageni wetu wanaotoka Kakuma. Mtakapoingia ukumbini mtaona kitambaa kikubwa kimetundikwa, kimeandikwa MAMA ATABO TOSHA. Kilichapishwa Lodwar na watu wa Lodwar, ambao kwa shangwe walisahau utaratibu wa kumpa kwanza mtu wa Kakuma asome. Mama Jeanine amekwisha kukiona, ametoka analia, akiuliza mama wa watu amefanya kosa gani hata atangazwe hadharani kuondolewa. Tulikimbia kukishusha. Mama Atabo mwenyewe ndiye aliyetuzuia. Alisimama chini yake, akakisoma mara mbili, akacheka kile kicheko cha sakafuni, akasema kiachwe, safari hii Lodwar na Kakuma zote zimesoma sawa.

Kwa hiyo, Mama, asante. Umetosha kwa Kiswahili cha kwetu, na leo unatoshwa kwa Kiswahili cha kina Mukendi, kama alivyofanya yeye: bila kufutwa, bila kutupwa, umewekwa kando kwa unadhifu mahali tunapopajua. Siku mitambo ikitushinda, tutakuja Lowarengak kukurudisha. Kaa salama na mbuzi wako, Mungu akupe afya na miaka mingi ya kuamka saa unayotaka wewe. Chai ya leo ipo tayari, na birika halina sukari.